Hatua Elfu Thelathini na Moja

Hodi ilipigwa mara tatu, na fundi, aliyekuwa na pini nne mdomoni, akaitikia kwa mguno tu. Mgeni akaingia hivyo hivyo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vimejaa vumbi, faili amelikumbatia kama mtu aliyebeba kichanga. Hakuwa na kitambaa mkononi, wala gauni la kupunguza, wala suruali ya kupandisha pindo. Na katika chumba kile, mtu asiye na nguo mkononi alikuwa mtu asiyeeleweka.

"Shikamoo, mama. Samahani nimekuja bila taarifa. Natoka kituo cha afya. Namtafuta mtembeaji."

Fundi akazitema pini kiganjani, moja moja. "Marahaba. Mtembeaji gani tena, mwanangu? Wateja wangu wote ni watembeaji. Sijaona aliyekuja hapa akiruka."

Mgeni akacheka, akafungua faili juu ya meza ya kukatia. Akaeleza kwamba shuleni kwa binti yake fundi watoto waligawiwa vidude vya kuhesabu hatua, vya kuvaa kiunoni. Kila Ijumaa mwalimu wa michezo huvikusanya, huandika tarakimu, kisha huvirudisha, na karatasi huja kwake yeye mtafiti. Watoto mia mbili na kumi wamevaa vidude hivyo kwa wiki nne.

"Na katika wote hao, mama, hakuna anayemkaribia binti yako hata kwa mbali. Jumanne iliyopita peke yake, hatua elfu thelathini na moja na mia nne! Mimi mwenyewe natembea kutwa kwa kazi hii, na sijawahi kufika huko."

Kicheko kilimpanda fundi mpaka kooni. Binti yake! Mtoto ambaye akitumwa chumvi duka la pembeni huuliza kwanza kama ya jana imekwisha kweli! Tangu shoga yake wa pekee ahame na wazazi wake, miaka miwili sasa, yule mtoto alikuwa mtu wa pembe ya kitanda, kitabu magotini, pazia limeshushwa. Ni mwezi huu tu ndipo alipoanza kuchangamka, wasichana watatu wa darasani kwake wakawa wanampitia asubuhi.

Fundi alikwisha kufungua kinywa aseme, "Umekosea nyumba, mwanangu," alipomwona binti yake amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Alikuwa amelishika pazia kwa mikono miwili, amekauka kama nguo iliyosahauliwa kambani. Macho yake yalikuwa yanaomba. Hayakuomba kidogo.

Basi mama ni mama. Kinywa kikasema kingine.

"Ndiyo huyo. Huyo ndiye miguu yangu," fundi akasema. "Mimi nashona, yeye anapeleka nguo kwa wateja. Mitaa yote hii ni yake."

Mgeni akaandika haraka haraka, uso umemng'aa. "Nilijua! Wenzangu ofisini wanasema kidude kimeharibika, nikawaambia twende kwanza tukaulize. Ila jambo moja linanishangaza. Jumapili zote anapata sifuri. Hata hatua moja hana."

"Jumapili hatushoni," fundi akajibu, na neno lile lilipomtoka akahisi kitu kikimtekenya ubongo, kama uzi uliokatika ambao bado hujauona ulipo.

Mtafiti hakuhisi kitu. Akasema kundi la binti huyo, lenye wasichana wanne, ndilo linaloongoza shule nzima, na kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi angefika uwanja wa shule atembee nao, aone wanavyofanya, ili makundi mengine yaige. Akashukuru, akaaga, akaondoka na faili lake kifuani.

Fundi akangoja mpaka hatua zake zikaisha barabarani. Kisha, bila kumtazama mtu, akainama chini ya cherehani na kupapasa upande wa chini wa pedeli. Vidole vikagusa kitu kidogo, laini, kimefungwa kwa lastiki ya sketi. Lastiki yake mwenyewe, ya kutoka kwenye droo yake mwenyewe. Jumanne iliyopita alishona sare ishirini za wanakwaya, tangu asubuhi mpaka jua linazama.

"Kumbe mtembeaji ni mimi," akasema.

Binti akaketi palepale sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, akajifunika uso.

"Usinifichie uso. Sema."

"Umekasirika, mama?"

"Sina hasira. Nina mshangao. Sema."

Ikatoka taratibu, kwa vipande. Mwalimu aliwagawa wanne wanne, na hatua za kundi zilijumlishwa na kubandikwa ukutani. Yeye alipangwa na wasichana watatu wachangamfu, ambao shuleni kila mmoja alikuwa na jina lake la utani: Twiga, kwa urefu, Chiriku, kwa mdomo, na Bibi, kwa sababu alizungumza polepole na kutikisa kichwa kama mtu mwenye wajukuu. Siku ya kwanza wenzake walipata elfu tisa, elfu kumi. Yeye alipata elfu moja na mia tisa.

"Twiga akaniambia, usijali, sisi tutakubeba."

"Si maneno mabaya hayo."

"Mama, aliyasema mbele ya darasa zima."

Fundi akaliona lile darasa.

Kesho yake kidude kikafungwa chini ya pedeli. Hesabu zikapaa. Wasichana wakashangaa, wakambatiza jina la Injini, na Injini hapandi basi la shule peke yake, mtu kama huyo hupitiwa nyumbani! Wakaanza kumpitia. Wanne wakawa wanakwenda shule kwa miguu, tena si kwa njia fupi, bali ile ndefu inayozunguka nyuma ya mashine ya kusaga, maana Chiriku alikuwa na habari nyingi na njia fupi haikuzitosha.

"Ngoja kwanza," fundi akasema. Alikuwa amekumbuka sketi ya shule. Mshono wake ulichanika mara mbili mwezi huu, na mara ya pili aliongeza kipande cha kitambaa kwenye mpasuo huku akinung'unika. Mtu wa kukaa kitandani hachani sketi kwa hatua ndefu. "Kwa hiyo siku hizi unatembea kweli?"

"Natembea. Na mapumziko tunaruka kamba. Jana tumekwenda mpaka darajani na kurudi."

"Na wakati unakwenda mpaka darajani, kidude kiko wapi?"

Binti akakitazama kile kitu mkononi mwa mama yake. "Chini ya mguu wako."

Hapo fundi alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha bitana. Mtoto ametembea mwezi mzima bila kuhesabiwa, na mwanamke aliyekaa kitini amekuwa bingwa wa shule! Lakini alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Wakijua wataniacha," binti akasema. "Nitarudi kwenye basi, kile kiti cha nyuma ya dereva. Sitaki kile kiti, mama."

Fundi akashuka kitini, akakaa naye sakafuni. Ndani ya kifua chake alikuwa akipiga hesabu ambayo wazazi wengi wameipiga: je, uongo huu nikiufunga vizuri, utadumu? Mwezi mmoja? Miwili? Lakini Jumamosi mtafiti angetembea nao na tarakimu zake mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imebakiza siku tatu tu.

"Waambie wenzio kabla hajawaambia yeye," akasema. "Kusikia kutoka kwako ni jambo moja. Kusikia kutoka kwa mtu mwenye faili ni jambo jingine."

"Nitawaambia kesho."

Kesho haikuwa kesho. Jumatano binti alirudi, akatazama chini, akatikisa kichwa. Alhamisi vilevile; hata uji hakuumaliza. Fundi hakumsukuma. Kila alipokanyaga pedeli alijiona kama anamkanyaga mtu.

Ijumaa alasiri wasichana wote wanne wakaingia pamoja, wakajaza chumba. Walikuwa wamekuja kupanga habari ya kesho. Twiga akainamisha kichwa asigonge kizingiti. Bibi akamwamkia fundi kwa heshima zote. Chiriku alikuwa anaongea tangu nje.

"Yule dada wa kituo cha afya atatuweka kwenye ripoti, jamani! Mama Injini, tushonee fulana. Mgongoni iandikwe..."

"Nina jambo la kusema," Injini akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akarudia, kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake, na wakanyamaza. Akasema yote amesimama, mikono imeshika ukingo wa meza ya kukatia. Alisema habari ya pedeli, na lastiki, na Jumanne ya sare za kwaya. Hakujitetea kwa lolote. Alipomaliza, mkasi ulianguka mezani, na kila mtu akashtuka.

Wa kwanza kutoa sauti alikuwa Chiriku, na sauti yenyewe ilikuwa ya kicheko kilichobanwa kikashindikana.

"Cherehani!" akasema. "Jamani, mwenzenu ametumia akili. Mimi changu nimekuwa nakifunga kwa mbwa."

"Kwa nani?" Bibi akauliza.

"Kwa mbwa wetu! Niliona hatua za Injini zinapaa, nikasema nitaachwa mimi. Nikamfunga shingoni kila nikitoka shule. Kumbe yule mbwa ni mvivu kuliko mimi, analala kutwa! Ndiyo maana wiki ya pili nilishuka badala ya kupanda."

Bibi akatikisa kichwa chake cha kizee. Akatazama kucha zake. "Mimi," akasema polepole, "huwa nakitikisa kwa mkono wakati wa taarifa ya habari. Baba anadhani nina maradhi ya kutetemeka. Ameshanitafutia dawa."

Chiriku akajitupa juu ya rundo la vitambaa akigaragara. Hata Injini alitabasamu, tabasamu dogo lenye woga, kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu. Kisha wote wakamgeukia Twiga.

Twiga hakuwa anacheka.

"Mimi nimekimbia," akasema. "Kweli. Niliona tarakimu za Injini, halafu naona za kwako wewe Chiriku zinashuka, nikasema nizizibe mimi. Kila alfajiri naizunguka nyumba yetu mara hamsini. Majirani wanasema nimerogwa. Magoti yangu haya hayakunjiki." Akayashika kwa viganja. "Kumbe nakimbia kwa ajili ya cherehani, na mbwa, na taarifa ya habari!"

"Twiga..." Injini akaanza.

"Usiniite!"

Akatoka. Safari hii aligonga kizingiti, na hakujishika hata kichwa.

Chiriku alikaa kitako, uzi umemnasa kwenye nywele, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu aingie. Injini alikuwa analia bila kelele. Fundi alitamani kumkimbilia yule mtoto mrefu, amshike mkono, amrudishe kwa nguvu, amwambie huyu wangu hana wengine. Akajizuia. Kuna mishono ambayo ukiivuta ndiyo unaichana. Akachukua kifungo, akakishona kwenye shati la mteja ambalo halikuhitaji kifungo.

Akashona cha pili, na cha tatu.

Kisha kivuli kirefu kikaanguka mlangoni.

"Kesho tunakutana saa ngapi?" Twiga akauliza, anatazama ukuta.

Chiriku akasogea ampishe nafasi kwenye rundo la vitambaa.

"Sijawasamehe," akaendelea. "Nimefika kona ya pale, nikawaza kwamba kesho alfajiri nitaizunguka tena ile nyumba peke yangu. Naijua kila tofali. Kuna tofali lina ufa, nimelipita mara elfu moja. Kukimbia peke yako ni adhabu, jamani, si mchezo. Njia ya mashine ya kusaga ndiyo niliyokuwa naingojea siku nzima." Akamtazama Injini sasa. "Na lile neno la kukubeba, nilikosea. Hakuna mtu anayependa kubebwa kama gunia."

"Lilinichoma," Injini akasema.

"Nimeona sasa."

"Magoti yanauma sana?"

"Yanauma mno."

"Njoo ukae."

Akaingia, akakaa kwenye rundo la vitambaa, na Bibi akaanza kumkanda goti kwa uzito wa mtu aliyesomea kazi hiyo. Fundi aligeukia dirisha. Hakutaka wamwone anavyoshusha pumzi, pumzi aliyoishikilia tangu Jumanne, tena labda tangu miaka miwili nyuma, siku lile gari la mizigo lilipomhamisha yule shoga wa kwanza.

Ikabaki habari ya mtafiti. Chiriku alisema wanyamaze tu, watembee naye vizuri, mambo yapite. Bibi akasema mambo yale hayapiti, yanalala. Twiga akasema wakisema ukweli watatoka wa kwanza wawe wa mwisho, na ukutani kila mtu ataona.

"Tutacheka wenyewe kabla hawajatucheka," Injini akasema. Fundi akageuka kumtazama vizuri, kuhakikisha ni yule yule.

"Lakini nani ataanza kusema?" Chiriku akauliza. "Mimi mdomo wangu unafanya kazi zote isipokuwa hiyo."

"Mimi," fundi akasema. Wakamtazama wote. "Uongo wa kwanza aliousikia yule dada ni wangu. Nilisema binti yangu ananipelekea nguo kwa wateja, naye akaandika. Mtu mzima na mvi zangu! Kesho saa mbili nitakuwa uwanjani, nami nitasema wa kwanza."

"Jumamosi una wateja, mama," Injini akasema, taratibu.

"Nimesema nitakuja."

Jumamosi saa moja na nusu, watoto wakiwa wametangulia, fundi alikuwa amefunga dirisha moja na mkono uko kwenye la pili, gari likasimama mlangoni. Akashuka mama mmoja mnene, mteja wake wa miaka tisa, gauni jeupe limemjaa mikononi.

"Fundi, niokoe! Harusi ni leo saa nane, mwanangu mkono haupiti kwenye mkono wa gauni. Amelia mpaka macho yamevimba. Nusu saa tu."

Fundi alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje. Haikuwa nusu saa. Mikono yote miwili ilitaka kufumuliwa, na ule ushanga wa begani utolewe mmoja mmoja. Masaa mawili, na vidole vyepesi.

"Niachie, dada. Nikirudi saa nne nalianza mara moja, saa sita unalo."

"Saa nne! Unakwenda wapi? Kuna msiba?"

"Hapana. Nimemwahidi mtoto."

Yule mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa mzaha kwenye mlango wa hospitali. "Mtoto? Fundi, mimi nimekuletea dada zangu, mashemeji zangu, kwaya nzima ya kanisani nimekuletea mimi. Mtoto atakuelewa, ni wako. Mimi ukiniangusha leo, hunioni tena hapa, wala wao."

Fundi alijua kwamba hayo hayakuwa maneno ya hasira tu. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeshika mshono wa kwanza, vinaijua njia, vinataka kuanza vyenyewe. Akatazama saa ya ukutani. Dakika ishirini, na uwanja hauko karibu.

Akalikunja gauni kwa uangalifu, bega juu ya bega.

"Mpelekee fundi wa nyuma ya posta," akasema. "Mkono wake ni mzuri. Mwambie asikate kitambaa, afumue tu, ndani kuna akiba ya inchi nzima niliiacha mimi. Na mwambie bibi harusi aweke maji baridi machoni."

"Umeamua hivyo?"

"Nisamehe, dada."

Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Fundi akafunga dirisha la pili, akaweka kufuli, akaondoka. Alitembea, kisha akaona kutembea hakutoshi, akakimbia, mwanamke wa miaka arobaini na sita na kandambili zake, khanga inashikwa kwa mkono mmoja, watu wanampisha wakidhani anamkimbiza mwizi.

Uwanjani walikuwa watano, wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa. Mtafiti alikuwa anatazama faili lake. Chiriku alikuwa kimya, ishara mbaya. Injini alikuwa anaitazama njia, na alipomwona mama yake anatokea getini anahema, mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Mama Injini!" mtafiti akaita kwa furaha. "Umekuja kututazama?"

Fundi akainua mkono, asubiriwe. Pumzi ilikuwa haijamfikia bado. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo, na bila kupenda alijiona mbele ya wasichana wale wanne kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Akavuta pumzi, akasogea hatua moja.

"Mimi kwanza," akasema. "Mwanangu, ile siku uliyokuja kwangu, nilikudanganya."